Mali Bila Daftari: Vigae vya Ufuoni na Wajibu wa Kila Nyumba

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kawaida methali hii huambiwa mwenye duka asiyeandika madeni, au mama wa nyumba anayerudi kutoka sokoni bila kujua fedha zimekwendaje. Juma hili tunaipeleka methali hiyo mahali ambapo wengi wetu hatukuizoea. Tunateremka nayo mpaka ufuoni mwa ziwa letu, ambalo wenyeji huliita Nalubaale na ramani huliita Victoria.

Ni nani kati yetu tuishio Kampala ambaye hajafika Ggaba, Munyonyo, Port Bell au Entebbe? Mmoja huenda mwaloni kununua samaki. Mwingine huenda Jumapili kupunga upepo pamoja na watoto. Wa tatu huenda kutafuta mchanga wa kujengea. Huko chini, mahali ambapo maji yameupiga ukingo wa udongo na kuumega, mara nyingi huonekana vipande vya vyungu vya kale vimechomoza. Watoto huviokota na kuvirusha juu ya maji, wakishindana ni cha nani kitakachoruka mara nyingi zaidi. Watu wazima huvikanyaga wakapita zao.

Nami mwandishi wa ukurasa huu sina haki ya kumcheka mtu. Miaka mingi iliyopita niliokota kigae kimoja kizuri huko ufuoni, kipana kama kiganja, chenye mistari iliyochorwa kwa mkono ulio hodari. Nikakitia kikapuni pamoja na samaki, na nyumbani kikawa kisahani cha kuwekea sabuni. Siku moja tulitembelewa na mzee mmoja aliyeifahamu kazi ya kuchimbua mambo ya kale. Alikiona penye karo, akakigeuzageuza, kisha akauliza swali moja tu: "Mwanangu, hiki kilikuwa wapi?"

Nikajibu, "Ufuoni."

"Ufuo upi? Kilikuwa ndani ya ukingo au kimelala majini? Kilikuwa peke yake au na wenzake? Udongo uliokishika ulikuwa mweusi au mwekundu? Palikuwa na majivu?"

Sikuwa na jibu hata moja. Mzee akakirudisha mahali pake polepole, akasema, "Basi, mwanangu, hiki sasa ni kisahani cha sabuni."

Maneno hayo hayajaniondoka. Kwa nini kigae kilicho kizima mkononi kiwe kimekufa kwa sababu tu mahali pake pamesahauliwa? Tulifikirie jambo hili kwa mfano wa jikoni. Mtu akiingia jikoni mwako wakati umesafiri, ataona mafiga matatu, majivu katikati, chungu pembeni na miiba ya samaki chini. Bila kuambiwa neno, atajua ulipikia wapi, ulipika nini, na pengine mlikula wangapi. Lakini akija mwingine akazoa vitu vyote hivyo na kuvimwaga nyuma ya nyumba, atakayevikuta huko ataona takataka tu. Vitu ni vilevile, ila habari imekwisha, kwa maana habari ilikuwa katika jinsi vitu vilivyokaa pamoja.

Ukingo wa ziwa uliobomoka ni jiko la watu wa kale lililofunguliwa mlango. Maji yamekata udongo kama kisu kinavyokata mkate, na tabaka zote zimeonekana: udongo wa juu wa leo, chini yake pengine mstari mweusi wenye makaa na mifupa ya samaki, chini zaidi vigae vya namna nyingine. Kwa siku chache au miezi michache kila kitu kiko mahali pake na kinasomeka. Kisha wimbi jingine huja, na jiko lote likaenda majini.

LUZIRA NA KICHWA KILICHOKOSA KWAO

Kuna mfano mmoja mkubwa katika mji wetu wenyewe. Mwaka 1929, wafungwa waliokuwa wakichimba katika kilima cha gereza la Luzira, si mbali na Port Bell, walikuta vipande vya sanamu ya udongo wa kufinyangwa. Vilipounganishwa, kilitokea kichwa cha mtu mwenye uso mrefu, macho yaliyovimba kidogo, na juu yake mikunjo ya udongo iliyopangwa kama nywele au kilemba. Pamoja nacho vilikuwapo vipande vya kiwiliwili na vigae vingi vya vyungu. Bwana E. J. Wayland, aliyekuwa mkuu wa idara ya kupima miamba ya Uganda, alikwenda kupaangalia mahali hapo na kuandika aliyoyaona. Mwaka 1931 sanamu hiyo iliingia katika makumbusho ya British Museum jijini London, nako ndiko iliko hata leo.

Sasa tazama yaliyofuata. Kichwa cha Luzira kikapata sifa duniani, kikachapishwa vitabuni, lakini kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kueleza kwa yakini ni cha zama gani, wala kilifinyangwa na watu wa namna gani. Kilikuwa kama yatima aliyevikwa nguo nzuri, lakini hajui ukoo wake. Ilipofika mwaka 2008, yaani karibu miaka 80 baada ya jembe la mfungwa kukigusa, wataalamu Andrew Reid na Ceri Ashley walichapisha uchunguzi wao. Walikilinganisha kichwa hicho na vigae vilivyopatikana pamoja nacho, na pia na vigae vilivyokusanywa upya katika ufuo wa kaskazini wa ziwa. Wakaonyesha kuwa ni cha zama za mwisho wa miaka elfu ya kwanza baada ya Kristo, wakati watu wa kando ya ziwa walipokuwa wakianza kujikusanya chini ya mamlaka makubwa zaidi.

Angalieni kilichowasaidia wataalamu hao. Uzuri wa kile kichwa haukuwafaa sana. Waliosaidia ni vigae vya kawaida vilivyokuwa pamoja nacho, maelezo machache ya mwaka 1929, na vigae vingine vya ufuoni ambavyo mahali pake palijulikana. Lau kama vigae vile vingetupwa kwa kuwa havina sura ya mtu, yatima huyo asingepata kwao hata leo.

ZIWA LINALOPANDA NA KUSHUKA

Pengine msomaji atasema, "Mambo ya kale yamengoja miaka elfu moja, hayawezi kungoja wataalamu waje kwa wakati wao?" Jibu ni kwamba maji hayangoji.

Huko Jinja ipo nguzo ya kupimia ambayo kwa miaka mingi watu wamekuwa wakiandika kiwango cha maji ya ziwa. Kipimo hicho si kina cha ziwa, ni alama ya kulinganisha siku na siku. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 1961 zililipandisha ziwa kwa zaidi ya mita mbili, hata Mei 1964 kikaandikwa kipimo cha mita 13.41, ambacho kilikaa kama rekodi kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 2006 maji yalishuka sana, na ardhi iliyokuwa chini ya ziwa ikaonekana. Kisha mvua za 2019 na 2020 zikalipandisha tena kwa zaidi ya mita moja. Mei 2020 rekodi ya 1964 ikafikiwa, na Mei 2024 ikapitwa. Wengi tunakumbuka jinsi miaka hiyo maji yalivyoingia katika nyumba, masoko na hoteli za Ggaba, Port Bell na Entebbe.

Ziwa likipanda, mawimbi hupiga mahali ambapo hayakuwa yakifika, na ukingo humegeka. Likishuka, vilivyokuwa vimefunikwa hubaki wazi kwa jua, kwato za ng'ombe na miguu ya watu. Juu ya hayo iko mikono yetu wenyewe. Tunachimba mchanga, kama ilivyo Lwera katika barabara ya Masaka, tunafyatua matofali, tunajaza ardhi ili kujenga hoteli, tunakata mafunjo na miti iliyokuwa ikivunja nguvu ya wimbi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ukingo wa kale ukishakwenda, hakuna ukuta wa kujenga.

Tena tusisahau kuwa habari za ziwa hili lenyewe tunazijua kwa sababu kuna watu waliotembea mpaka kwenye nguzo, siku baada ya siku, wakasoma namba na kuiandika. Hawakuwa wakifanya miujiza. Walikuwa na penseli na daftari.

UFUO ULIONYANG'ANYWA WAZEE WAKE

Iko sababu nyingine inayoufanya ufuo wetu uhitaji daftari kuliko mahali pengine. Katika vijiji vingi, kigae kikionekana shambani, mzee atasema: "Hapo palikuwa nyumba ya fulani, mfinyanzi, babu yake fulani." Katika ufuo wa ziwa letu maneno hayo mara nyingi hayapo, na sababu yake ni ya huzuni.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliwashukia watu wa kando ya ziwa na wa visiwani. Inakadiriwa kuwa zaidi ya watu laki mbili walikufa. Kuanzia mwaka 1906 serikali ya kikoloni, chini ya Hesketh Bell ambaye Port Bell imeitwa kwa jina lake, iliwahamisha watu waliosalia kutoka ukanda wa ufuo, kisha wa visiwa vya Ssese na vinginevyo. Walipitisha miaka mingi mbali, na wengi hawakurudi tena. Vijiji vikawa vichaka. Waliokuja baadaye walikuja kama wageni, wakajenga juu ya mafiga wasiyoyajua ni ya nani.

Kwa hiyo mnyororo wa masimulizi ulikatika. Mahali ambapo babu hakuweza kumwambia mjukuu, kigae ndicho kilichobaki kuwa shahidi. Tukimpoteza na huyu shahidi, hatutakuwa na wa kumwuliza.

WENZETU WA PWANI NA WA MBALI

Nasi hatuko peke yetu katika jambo hili. Ndugu zetu wa pwani ya bahari wanalijua vizuri. Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania, ambako msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331, kuna misikiti, majumba na ngome za mawe. Magofu hayo yaliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliingizwa pia katika orodha ya urithi ulio hatarini, na moja ya sababu ilikuwa bahari kula kingo na kuta zilizo kando yake. Kazi ya miaka kumi ya kurekebisha kuta na kuulinda ufuo ilifanyika, wenyeji wakishiriki, hata mwaka 2014 Kilwa ikaondolewa katika orodha hiyo ya hatari. Lakini huwezi kutengeneza ukuta usiojua ulisimama wapi na ulikuwa mrefu kiasi gani. Kupima na kuandika kulitangulia saruji na chokaa.

Sarafu za Kilwa nazo zina hadithi ya kutufunza. Mwaka 1944, wakati wa vita kuu ya pili, askari mmoja wa Australia aitwaye Maurie Isenberg aliokota sarafu chache katika mchanga wa ufuo wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Hakuzijua, akaziweka ndani ya kikopo. Mwaka 1979 alipozipeleka kuchunguzwa, ilionekana kuwa tano kati yake zilipigwa Kilwa! Zilifikaje huko, ng'ambo ya bahari yote ya Hindi? Swali hilo halijapata jibu la mwisho. Lakini Isenberg alikuwa ametia alama katika ramani, mahali alipoziokota. Kwa alama hiyo, mwaka 2013 wachunguzi waliweza kurudi katika ufuo uleule kutafuta zaidi. Bwana huyu hakuwa mtaalamu. Alifanya jambo moja dogo ambalo mimi sikulifanya na kigae changu.

Na katika nchi ya Scotland, ambako dhoruba ya mwaka 1850 iliondoa mchanga na kufunua kijiji cha mawe cha Skara Brae chenye umri wa miaka ipatayo elfu tano, wenyeji wa pwani hufundishwa na chama kiitwacho SCAPE kuzungukia fuo zao, kupiga picha na kuandika kila kinachofunuliwa na bahari. Wataalamu ni wachache na pwani ni ndefu. Macho ya kila siku ni ya wenyeji.

Hapa kwetu macho ya kila siku ni ya nani? Ni ya mama anayeanika mukene, ya mvuvi anayevuta mtumbwi, ya kijana wa mchanga, na ya mtoto anayetumwa maji.

JINSI YA KUFANYA

Basi, mpenzi msomaji, tuingie katika kazi yenyewe. Haihitaji fedha. Unahitaji daftari la shule, penseli, rula ya mtoto na, ukiwa nayo, simu yenye kamera. Penseli ni bora kuliko kalamu ya wino, kwa kuwa maji yakiigusa karatasi, wino hutiririka lakini penseli hubaki.

Kwanza, usichimbe na usichomoe. Kitu kilichomo ndani ya ukingo kina habari maradufu kuliko kilichoanguka. Kiangalie hapohapo kilipo.

Pili, andika tarehe, saa na jina lako, kisha jina la mahali kama wenyeji wanavyoliita. Usiandike "ufuoni" tu kama nilivyojibu mimi.

Tatu, pafunge mahali hapo kwa kitu kisichohama: mti mkubwa, mwamba, pembe ya jengo la mwalo. Hesabu hatua kutoka hapo na useme upande, mawio, machweo, kaskazini au kusini. Ukiwa na simu inayoonyesha mahali kwa namba, ziandike namba hizo pia, lakini usiziache hatua. Simu hupotea, mti hubaki.

Nne, piga picha mbili. Ya kwanza iwe ya mbali, ionyeshe ukingo wote pamoja na ule mti au mwamba. Ya pili iwe ya karibu, na kando ya kigae iwekwe rula, ili atakayeitazama ajue ukubwa wake. Asiye na simu na achore. Mchoro wa mistari minne wenye vipimo hushinda picha nzuri isiyo na kipimo.

Tano, eleza udongo. Tabaka ziko ngapi? Zina rangi gani? Kigae kiko katika ipi, na ni sentimita ngapi kutoka juu? Je, yako makaa, majivu, mifupa, koa za konokono, mawe ya kusagia, au mavi ya chuma, yaani yale mabonge mazito meusi yaliyobaki walipoyeyusha chuma?

Sita, tazama mapambo. Huhitaji kuwa mtaalamu ili kutofautisha mambo mawili. Vyungu vya zamani sana vya wafua chuma wa kwanza, ambavyo huitwa Urewe kwa jina la mahali fulani magharibi mwa Kenya, vina mistari iliyochorwa kwa kijiti, midomo iliyokatwa mishazari, na mara nyingine kishimo kitakoni kana kwamba mfinyanzi alibonyeza kwa kidole gumba. Vyungu vilivyofuata baadaye mara nyingi vina alama za kamba iliyosokotwa, iliyoviringishwa juu ya udongo mbichi. Wewe andika tu "mistari" au "kamba", na mtaalamu atajua aanzie wapi.

Saba, rudi. Baada ya dhoruba au mvua kubwa nenda mahali palepale, simama pale uliposimama kwanza, upige picha nyingine. Picha mbili za ukingo mmoja zilizopishana miezi sita zitaonyesha ziwa limekula kiasi gani. Habari hiyo peke yake ni ya thamani hata kama hukuona kigae.

Nane, toa habari. Makumbusho ya Uganda, ambayo yalianza mwaka 1908 na tangu 1954 yako katika jengo lake la Kitante, ndiyo mahali pa kupeleka daftari lako au nakala yake. Ukiona ukingo unakaribia kuanguka na hakuna muda wa kungoja, piga picha kwanza, andika yote, kisha ndipo uviokoe vilivyolegea. Vitie katika mfuko pamoja na karatasi yenye maelezo ya penseli, na vipeleke huko. Vitu vya mahali pawili visitiwe mfuko mmoja. Ukiona mifupa ya binadamu, usiiguse kabisa: mwite mwenyekiti wa LC na polisi, kwa maana huwezi kujua ni ya kale au ni ya juzi, na kwa vyovyote yastahili heshima.

Huu hapa mfano wa kubuni wa ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri: "Jumamosi, saa mbili asubuhi. Mwaloni, hatua 40 kusini mwa mvule mkubwa. Ukingo una urefu wa mita moja na nusu. Udongo mwekundu juu, mweusi chini. Katika mweusi, sentimita 70 kutoka juu, vigae vitano vya mistari, makaa, miiba ya samaki. Vimeachwa mahali pake. Picha mbili." Mistari michache tu! Lakini mwenye kuisoma baada ya miaka 80 hatakuwa na haja ya kubahatisha.

TAHADHARI NA WASIWASI

Nawasihi wazazi, kazi hii isiwe chanzo cha msiba. Ukingo ulioliwa chini na maji waweza kumwangukia mtu. Usisimame chini yake wala juu ya ncha yake. Watoto wasiingie majini kufuata vigae, kwa kuwa maji ya ufuo yana kichocho, na mahali pengine kuna mamba na viboko. Waende na mtu mzima, wakiwa wamevaa viatu.

Najua pia minong'ono itakayozuka. Wengine watasema kuna dhahabu. Hakuna dhahabu katika vigae, na hata zile sarafu za Kilwa ni za shaba. Anayekuja usiku kununua vitu vya kale kwa bei ndogo hakutakii mema, na kuviuza ni kuuza shahidi. Tangu sheria ya mwaka 1967, na sasa chini ya sheria mpya ya makumbusho na makumbusho ya kihistoria ya mwaka 2023, mabaki ya kale ya nchi hii yana ulinzi wa sheria.

Wengine wataogopa: "Nikitoa habari, shamba langu litachukuliwa." Hofu hii ina mizizi, na si haki kuidharau, hasa katika ufuo ambao watu wake waliwahi kuhamishwa kwa amri. Nasema hivi: kuandika kilichoonekana si kutoa ardhi. Mwenye wasiwasi na amwombe mwenyekiti wa LC awepo siku ya wageni kufika, waseme wanachotaka kufanya, na hayo nayo yaandikwe katika daftari. Daftari humlinda mwenye shamba kama linavyokilinda kigae.

Mwisho yuko atakayeuliza faida. Mama mwenye watoto watano na chungu kimoja afuate vigae vya nini? Sitamdanganya kwamba vitamlisha. Lakini kila mmoja wetu hutunza nyumbani kitu kisicholisha mtu: picha ya marehemu, kadi ya ubatizo, hati ya ndoa. Twavitunza kwa sababu mtoto akiuliza, "Sisi ni nani?", tusinyamaze. Ufuo huu una watoto wengi, na maji yanazidi kuchana kurasa.

Kisahani changu cha sabuni sikukitupa. Nimekiosha, nimekiweka rafuni jikoni, na nyuma yake nimebandika karatasi isemayo: "Kiliokotwa ufuoni. Mahali hapajulikani." Kila nikitaka kuharakisha jambo bila kuliandika, hukitazama.

Kazi ya juma hili, basi, ni ndogo. Mtakapoteremka ziwani Jumapili, chukueni daftari moja la zamani la mtoto lenye kurasa zilizobaki, na penseli iliyochongwa. Mkiona kitu, kiandikeni. Msipoona kitu, andikeni kwamba hamkuona, na maji yalifika wapi. Hata hiyo ni habari.